UZI: Jinsi Tyler Perry alivyofika kwenye ubilionea kwa kutouza haki zake, na namna sisi wa Lamu na Malindi tunavyoziuza zetu

Mkaazi wa Langoni (mwenye uzi)

Assalaam alaykum wanajamvi.

Hapa Lamu mazungumzo ya filamu yakianza barazani, kitu cha kwanza kutajwa ni kamera. Fulani kanunua droni, fulani kaletewa lenzi na shemeji yake kutoka Ulaya, fulani ana kompyuta inayohariri picha kali bila kukwama. Mkataba hautajwi na mtu. Hilo limenikera muda mrefu, ndio nikaona nilete uzi huu, na nitamchukua mtu mmoja ambaye habari za mali yake zimeandikwa wazi: Tyler Perry, mtayarishaji wa filamu na tamthilia wa Marekani. Wengi wenu mushamuona, ila hamukujua kuwa yule bibi mkali aitwaye Madea, mwenye gauni na wigi, ndiye mwenyewe mwenye mali.

Alizaliwa New Orleans tarehe 13 Septemba 1969, akapewa jina la babake, Emmitt Perry. Baba alikuwa seremala na alikuwa akimpiga sana. Alipofika miaka 16 kijana akaliacha lile jina, akajiita Tyler. Sekondari hakuimaliza, alikuja kufanya mtihani wa kufidia baadaye. Kuandika kulimwingia baada ya kutazama kipindi cha Oprah Winfrey kilichozungumzia jinsi mtu anavyoweza kupata nafuu kwa kuyaandika yaliyompata. Akawa anajiandikia barua mwenyewe, na zile barua ndizo zilizozaa mchezo wake wa kwanza wa jukwaani.

Mwaka 1992, Atlanta, akatoa akiba yake yote, dola 12,000, akakodi ukumbi na kuuonyesha mchezo. Wikendi nzima walikuja watu kama 30. Miaka iliyofuata ilikuwa ya vibarua, ya kurudia mchezo ule ule mji huu na ule, na kuna nyakati alikuwa akilala garini. Ukumbi ulikuja kujaa 1998, pale House of Blues ya Atlanta, kisha akahamia Fox Theatre yenye viti zaidi ya 4,000.

Watu wakifika hapa husema "aliyesubiri hula mbivu" wakafunga kitabu. Subira alikuwa nayo, sikatai. Lakini wasanii wa Pwani waliosubiri ni wengi, na wamezikwa bila ya kuachia watoto wao kitu. Mimi nataka mutazame suala jengine: katika miaka hiyo yote, mchezo ule ulikuwa wa nani?

Ulikuwa wake. Aliuandika, aliugharamia, aliuongoza, aliucheza, na kanda za video za maonyesho aliziuza yeye. Jarida la Forbes liliandika 2005 kwamba hadi wakati huo tiketi za michezo yake zilikuwa zimeingiza zaidi ya dola milioni 100, video milioni 30, na bidhaa nyengine kama milioni 20. Hollywood walikuwa hawajamfungulia mlango bado. Wateja wake walikuwa Wamarekani weusi wa makanisani, akina mama hasa, ambao studio kubwa hazikuwahesabu kama soko.

Filamu yake ya kwanza ilitoka mwaka huo huo wa 2005. Bajeti ilikuwa kama dola milioni 5.5. Yeye alitoa sehemu ya fedha kutoka mfukoni, kampuni ya Lionsgate ikasambaza, na haki za kazi zikabaki kwake. Wikendi ya kwanza iliongoza Marekani nzima kwa karibu dola milioni 22, na ikamaliza kwa zaidi ya milioni 50 ndani ya nchi peke yake. Lau angepokea malipo ya mwandishi na mwigizaji, wangempa cheki yake, wakapeana naye mikono, na kila shilingi iliyofuata ingekuwa ya wengine.

Kwenye televisheni alifanya vivyo hivyo. Kawaida ya kule mtayarishaji hupeleka wazo kwa stesheni, stesheni ikatoa fedha za kipindi kimoja cha majaribio, na aliyetoa fedha ndiye mwenye kauli. Perry mwaka 2006 akatengeneza vipindi 10 vya tamthilia yake House of Payne kwa fedha zake, akavirusha kwenye stesheni chache ili watazamaji waonekane kwa macho. Ndipo stesheni kubwa ya TBS ikaagiza vipindi 100 kwa mkataba wa dola milioni 200. Na idadi ile ya 100 haikuchaguliwa ovyo. Tamthilia ikikaribia idadi hiyo huko Marekani, inaweza kuuzwa tena kwa stesheni za kurudia kila siku, jioni baada ya jioni, mwaka baada ya mwaka. Fedha za marudio humwendea mwenye haki, hata akiwa amelala.

Nitaendelea chini. Mwenye la kusema aseme.

---

Fundi Kamera MLD

Ami, shukran kwa uzi. Lakini Atlanta na Malindi wapi na wapi? Mimi hupiga harusi, hupiga video za mahoteli kule Casuarina, na msimu wa wageni hupata kazi za Waitaliano wanaotaka matangazo ya nyumba zao. Mtu akikuwekea pesa mkononi na mwenye nyumba anakudai kodi, utamwambia "mimi nataka hakimiliki"? Atapiga simu kwa mwengine, na huyo mwengine atakuwa rafiki yangu.

---

Mkaazi wa Langoni

Fundi, umesema kweli na ndio maana nakujibu kwa kirefu.

Kwanza tutenganishe kazi mbili. Kuna kazi uliyoagizwa, na kuna kazi uliyoianza mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, inasema mwenye haki kwa mwanzo ni aliyeibuni kazi. Lakini hapo hapo inaongeza kwamba ikiwa kazi imeagizwa na mtu, au umeifanya ukiwa umeajiriwa, basi haki huhesabiwa zimehamia kwa aliyeagiza au mwajiri, *isipokuwa mumekubaliana vyengine*. Maneno hayo ya mwisho ndiyo tunayoyaacha yapite. Hoteli ikikuagiza video na hamukuandikiana kitu, video ni ya hoteli. Ukitia mstari mmoja unaosema vipande ulivyovipiga vya bahari, vya mji, vya majahazi vinabaki vyako na hoteli inapewa ruhusa ya kuvitumia kwa tangazo lake, hali imebadilika. Hujamnyima mteja kitu alichokilipia.

Hilo la kwanza. La pili ni upande wa pili wa sheria hiyo hiyo: kuhamisha haki moja kwa moja, au kumpa mtu ruhusa ya peke yake, hakusimami mpaka kuwe kwa maandishi na kutiwa saini. Kazi uliyoianza mwenyewe, ya fedha zako, haiwezi kuchukuliwa kwa maneno ya mdomo wala kwa ujumbe wa sauti. Ndio maana wanaojua hawaji na pesa tupu, huja na karatasi.

Na karatasi yenyewe nishaiona mara nyingi, vijana wakiniletea niwasomee. Mara zote imeandikwa Kiingereza, kurasa mbili tatu, herufi za kuchosha macho, na katikati yake kuna sentensi moja yenye maana hii: mpiga picha anakabidhi haki zote, duniani kote, milele, kwa njia yoyote inayojulikana sasa au itakayobuniwa baadaye. Isome tena hiyo "itakayobuniwa baadaye". Aliyeiandika alikuwa anafikiria wajukuu wake. Wewe unayetia saini unafikiria kodi ya mwisho wa mwezi.

Perry naye alidaiwa kodi. Sikusema ni rahisi.

---

Maalim wa Mkomani

Mwanangu, tumekusoma. Ila mali ya mwanamume kuvaa nguo za kike na kuchezacheza mbele ya watu, sisi tutaifanyani? Vijana wetu wasije wakaiga hilo wakaacha hilo la mikataba.

---

Mkaazi wa Langoni

Maalim, shikamoo. Kauli yako ina haki yake. Mavazi hayo sijawaletea vijana wayaige, na hata kwao kuna waliompinga. Spike Lee, mwongozaji mkubwa wa filamu na Mmarekani mweusi mwenzake, alimshambulia hadharani 2009 akiona michezo ya namna ile inawadhalilisha watu wao. Mtu anaweza kuikataa kazi ya Perry na bado akajifunza namna alivyoilinda. Hadithi zetu sisi zina staha yake, na kwa kuwa zina staha ndio nataka ziwe mikononi mwetu, tuamue wenyewe nini kionyeshwe na nini kibaki ndani ya nyumba.

---

Bint Shela

Kaka hapo umenigusa. Mimi hupiga harusi za wanawake, Lamu na Malindi. Wanajamvi wa bara huenda hawajui: siku ya kupamba na siku ya kesha wanaume hawaingii, simu huwekwa kapuni mlangoni, na kamera ni ya mwanamke mmoja aliyeaminiwa na nyumba. Bibi harusi yuko na hina mpaka kwenye viwiko, nywele wazi, mama na shangazi wanacheza. Nikimaliza nahariri chumbani kwangu mlango umefungwa, nawapa flashi, na mbele yao nafuta kila kitu kwenye kompyuta.

Kwa hivyo mimi sitaki haki zibaki kwangu. Nataka ziwe za familia, na iandikwe. Kuna nyumba moja waliniita wakilia, mpiga picha mwengine kabla yangu aliziweka picha za bibi harusi kwenye ukurasa wake ili apate wateja. Hakuna mkataba, kwa hivyo kila mtu alikuwa anasema lake.

---

Mkaazi wa Langoni

Dada, hiki ulichokileta ndicho kiini. Kumiliki maana yake ni kuwa na uwezo wa kusema *hapana*. Perry alitaka awe na neno la mwisho juu ya hadithi yake, studio isimbadilishie. Familia ya bibi harusi inataka neno la mwisho juu ya sura ya binti yao. Mkataba wako uandike hivyo hivyo: haki ni za familia, mpiga picha haruhusiwi kubaki na nakala, kufuta kufanyike mbele ya shahidi. Na bei yako iwe juu kuliko ya anayebaki na picha za kujitangazia, kwa sababu wewe unaacha kitu mezani. Usiwaonee haya kuwaambia hivyo, kazi ya amana ina gharama yake.

Sasa nirudi kwenye mali ya Perry, maana niliahidi.

Septemba 2020 Forbes walimtangaza kuwa bilionea, na wakaipasua ile bilioni vipande. Maktaba ya kazi zake, yaani filamu, tamthilia na michezo ya jukwaani, waliithamini dola milioni 320. Fedha taslimu na vitega uchumi milioni 300. Studio yake milioni 280. Sehemu yake ya umiliki katika BET+, huduma ya kutazama kupitia intaneti iliyoanza 2019, milioni 60. Nyumba na vitu vya kujistarehesha milioni 40.

Tazameni kile kipande cha mwisho. Majumba, ndege, magari, vyote tunavyovionyeshana kwenye simu tukisema "huyu tajiri", ni milioni 40 katika 1,000. Kipande kikubwa kuliko vyote ni kazi za zamani. Michezo aliyoiandika alipokuwa hana pa kulala imo humo ndani ya milioni 320, na bado inaingiza.

---

Mtoto wa Duka la Kanda

Maskani yangu Malindi, karibu na soko la zamani. Babangu aliwahi kuwa na duka la kanda. Nyumbani kuna maboksi ya VHS: taarabu za harusi, Maulidi, michezo ya kuigiza ya vijana wa mtaa miaka ya tisini. Zengine zimeingia ukungu, ukifungua kifuniko unaona utando mweupe juu ya utepe, na harufu yake kali. Mama anataka zitupwe. Baada ya kusoma hapa nimezirudisha juu ya kabati. Je, hizo nazo ni maktaba?

---

Mkaazi wa Langoni

Wallahi usizitupe! Mwambie mama zimeombewa na watu wasiojulikana.

Lakini nikwambie na upande wa pili. Kuwa na kanda si kuwa na haki ya kilichomo. Wimbo wa taarabu una mtunzi, na haki ya mtunzi nchini Kenya hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kuna waimbaji na wapigaji, nao wana haki zao za uigizaji. Video yenyewe hulindwa miaka 50 tangu ilipotengenezwa au kutolewa kwa umma. Kwa hivyo kanda ya 1993 ingali hai kisheria, na ukiirusha mtandaoni bila kuuliza unaweza kumdhulumu mzee mwenye udi aliye hai mtaa wa pili yako.

Fanya hivi. Zile zenye ukungu usizitie kwenye mashine, zitaharibu kichwa cha mashine na kanda nyengine zote zitakazofuata. Zitenge kwenye boksi lao, mahali pakavu, mpaka apatikane mtu mwenye ujuzi wa kuzisafisha. Nzima zigeuze kuwa faili sasa hivi, maana mashine za VHS zinazofanya kazi zinapungua. Halafu kaa na mama na jirani, muandike kila kanda: nani anaimba, nani alipiga picha, harusi ya nani, na je, ilikuwa upande wa wanawake? Kama ilikuwa upande wa wanawake, dada yetu wa Shela ashakueleza hapo juu, hiyo irudi kwa familia yake. Zilizobaki zitafutiwe wenyewe, muandikiane mgao. Hiyo kazi ya kuandika majina ndiyo inayoigeuza takataka ya juu ya kabati kuwa mali.

---

Mdau wa Kilifi

Uzi mzuri ila musimpake mafuta sana. Huyu Perry ndiye aliyewaachisha kazi waandishi wake walipotaka mkataba wa chama.

---

Mkaazi wa Langoni

Kweli, na ni vyema umeleta. Oktoba 2008 waandishi wanne wa House of Payne waliondolewa, chama cha waandishi kikapeleka malalamiko kwamba walionewa kwa kudai mkataba wa chama, na mwezi uliofuata pande mbili zikasuluhishana. Na hata leo tamthilia zake nyingi huziandika na kuziongoza yeye mwenyewe, kwa kasi ambayo wengine huisifu na wengine husema inaonekana kwenye kazi.

Mimi hapo siko naye. Mtu aliyeonja uchungu wa kutokuwa na neno juu ya kazi yake angekuwa wa kwanza kuwapa wengine neno. Sisi kwetu tunaweza kufanya vyengine. Vijana watano wakitengeneza filamu fupi kijijini Matondoni kwa mifuko yao, waandike kabla ya kamera kuwashwa: mwandishi asilimia fulani, mwongozaji fulani, mwenye kamera fulani, mwenye jahazi lililotumika fulani. Wasiache mpaka pesa zije, maana zikija ndipo udugu unapovunjika. Nimeshuhudia kundi zuri kabisa likisambaratika kwa sababu ya pesa ndogo ya kipindi kimoja, na mpaka leo wawili wao hawaamkiani msikitini.

Tunao wa kuwatazama hapa nchini. Lulu Hassan na mumewe Rashid Abdalla, kwa kampuni yao ya Jiffy Pictures, wametengeneza tamthilia za Kiswahili zilizotazamwa na nchi nzima kwenye Citizen TV: Maria, Zora, Sultana. Na Sultana imesimama juu ya maisha ya Pwani, lafudhi yetu, mavazi yetu. Kwa hivyo asitokee mtu akaniambia hadithi za huku hazina mtazamaji.

Sasa nifike kwenye studio, maana hii ndiyo sehemu inayonikosesha usingizi mimi kama mtu wa Lamu.

Atlanta kulikuwa na kambi ya jeshi iitwayo Fort McPherson. Jeshi likaifunga 2011. Mwaka 2015 Perry akanunua ekari 330 za kambi hiyo kwa dola milioni 30. Oktoba 2019 akaifungua rasmi: kumbi 12 za kupigia picha, kila moja ikiitwa kwa jina la msanii mweusi aliyetangulia, Sidney Poitier, Cicely Tyson, Harry Belafonte na wengine. Ndani kuna mfano wa Ikulu ya Marekani, kuna nyumba za mtaa, kuna barabara. Watayarishaji wenzake huikodi kwake. Kampuni ya Marvel ilipiga pale sehemu ya filamu ya Black Panther hata kabla ya ufunguzi. Na mahali penyewe hakuchagua kwa kubahatisha: jimbo la Georgia tangu 2008 linawarudishia watayarishaji hadi asilimia 30 ya gharama kwa njia ya nafuu ya kodi, kwa hivyo kazi zinamiminika huko na wote wanahitaji mahali pa kupigia. Julai 2020, korona imefunga studio kila pembe ya dunia, yeye aliwafungia watu wake ndani ya kambi yake, wakapimwa, wakalala humo humo kwenye nyumba za zamani za wanajeshi, wakapiga msimu mzima wa tamthilia. Aliweza kwa sababu lango ni lake.

Lango. Sasa niambieni, malango ya Lamu ni ya nani?

Mji wa kale wa Lamu uliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001. Nyumba za mawe zenye zidaka (vishubaka vya ukutani), madaka ya mlangoni, viwanda vya ndani (yaani nyua), milango ya nakshi. Kamera kutoka nje zikija, zinakuja kwa sababu ya hizo nyumba na vichochoro hivyo. Na nyumba ngapi katika hizo, Shela hasa, tushaziuza? Mzee anafariki, warithi ni wanane, hawaelewani, anakuja mgeni na pesa mkononi, wanagawana, kila mmoja anapata ya kununua bodaboda au kwenda Hija. Mgeni anaitengeneza nyumba vizuri, siwezi kumnyima sifa yake, anaipaka chokaa, anarudisha zidaka zilizobomoka. Halafu akija mtengenezaji wa filamu au wa matangazo ya mitindo, kodi ya mandhari ya siku moja inaingia kwenye akaunti yake. Mjukuu wa aliyeijenga nyumba anabeba mabegi ya taa kutoka gatini mpaka mlangoni, au anashika punda asipite kwenye picha. Analipwa kibarua cha siku.

Simlaumu aliyeuza, mirathi ni haki na shida ni shida. Ninachosema ni kwamba kulikuwa na njia ya tatu. Warithi wanane wanaweza kubaki na nyumba kwa hisa, wakaiandikisha, wakaikodisha kwa wapiga picha na kwa wageni, wakagawana kila mwaka. Wapo waliofanya hivyo hapa mjini na nyumba ingali yao.

Na jambo jengine wengi hawalijui: kampuni ya kigeni ikija kupiga filamu Kenya, sheria inaitaka ipitie kwa wakala wa filamu wa hapa nchini aliyeandikishwa ndipo ipate leseni. Hao mawakala wengi wako Nairobi. Kuna kinachomzuia kijana wa Lamu au Malindi asiwe yeye? Anajua maji kupwa na kujaa, anajua boti ipi haiingii maji, anajua siku za Maulidi mji hauna chumba, anajua mlango upi ubishwe na mzee yupi aombwe idhini kwanza. Ujuzi huo leo anautoa kwa chai na chapati.

---

Bint Shela

Naunga mkono hilo la uwakala. Tukipata watu watatu wanne wenye nia tuandikishe kampuni. Mimi niko tayari.

---

Mdau wa Kilifi

Na hii akili bandia je? Si itamaliza hizo studio zote?

---

Mkaazi wa Langoni

Perry mwenyewe aliogopa. Februari 2024 alisimamisha mpango wa kuipanua studio, mpango wa dola milioni 800, baada ya kuona programu ya Sora inavyotengeneza video kutokana na maandishi tu. Kama yeye mwenye ekari 330 alisita, nasi tuwe macho. Lakini mashine hizo hufunzwa kwa picha na video za watu, na suala la nani aombwe ruhusa na nani alipwe linapiganiwa mahakamani nchi mbalimbali. Mwenye kazi iliyoandikishwa ana pa kusimama. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, inaandikisha kazi mtandaoni. Haki huzaliwa kazi inapotengenezwa, hata bila kuandikisha, lakini cheti ni ushahidi mkononi siku ya mzozo.

---

Fundi Kamera MLD

Ami, nimerudi. Kuna hoteli inanitaka wiki ijayo. Nimewaandikia hivi, nisahihishie: "Mpiga picha atabaki na haki za picha zote alizopiga. Hoteli inaruhusiwa kutumia video iliyokamilika kwa matangazo yake." Meneja hajakataa, kasema anampelekea mwenye hoteli.

---

Mkaazi wa Langoni

Umeanza vizuri mwanangu. Rekebisha mambo matatu.

"Picha zote" itawatisha, kwa sababu ndani yake kuna wageni wao na vyumba vyao. Andika: "picha za mandhari, bahari, mji na vyombo vya baharini". Za ndani ya hoteli na za wageni waachie wao.

"Matangazo yake" pia ni pana. Sema wapi na kwa muda gani: tovuti na kurasa za hoteli hiyo, kwa miaka miwili. Wakitaka kuiuzia kampuni ya usafiri au televisheni, warudi kwako muzungumze bei. Mwenye hoteli akisema miwili ni kidogo, mpe mitatu, lakini usikubali neno "milele".

Halafu ongeza kwamba ruhusa inaanza siku malipo yanapokamilika. Baki ikikwama, ruhusa nayo imekwama.

Wakikurudishia karatasi ya kwao badala ya hii yako, usiitie saini pale mapokezi. Omba uende nayo nyumbani, kisha ipige picha kila ukurasa unitumie kwa ujumbe wa ndani hapa jamvini, nitaisoma usiku huu huu.